Viatu vya Wifi

Al Baraha, Dubai
22 Novemba 2013

Rukiya,

Salamu utazipata, lakini kwanza ugombwe. Miaka mitatu! Umekwenda kwenye milima ya watu, umekaa, umenyamaza, kisha unaniletea barua ya ukurasa mmoja yenye stempu nzuri na maneno kiduchu. Stempu nimeibandua nikaiweka. Maneno nimesomewa mara moja yakaisha, chai yangu haijapoa.

Haya, asalaam alaykum, mke mwenzangu. Mimi mzima, ila goti. Masikio ndiyo yale yale, kwenye simu nasikia nyuki tu, kwa hiyo usinipigie ukanifanya niitikie mambo nisiyoyajua. Andika. Anayenisomea na kuniandikia ni Peninah, Mkenya wa mlango wa pili, mlinzi wa hospitali. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asinipambe. Barua uendelee kuzituma kwenye sanduku la posta la Msellem, fundi kanzu wa hapa chini, ingawa huzisahau chini ya vitambaa vyake mpaka nimpigie kelele.

Mjomba wako na mkewe Kulusumu wamehamia Mirdif. Wana bustani, wana dereva, wana mlango unaofunguka wenyewe. Kulusumu bado anakuja kila Ijumaa kunikanda goti.

Sasa swali lako. Unasema watu wa huko wanateleza juu ya theluji kwa mbao miguuni, wewe unataka kujifunza, na unaniuliza: anayeanza anunue vifaa au akodi? Rukiya! Mimi na theluji wapi na wapi? Theluji ninayoijua ni ya ndani ya friji, nayo huing'oa kwa kisu.

Lakini umeuliza, nakujibu. Kodi. Hujui kama utakipenda kitu, utakinunua cha nini? Ile baiskeli uliyonililia nikakununulia, ulianguka mara moja ikawa ya kuanikia taulo. Hata hivyo Peninah ananiambia hapa Dubai kuna jumba lina theluji ndani, kule kwenye maduka ya wenye nazo. Nitakwenda nikaulize, nikupe jibu la mtu aliyeona.

Na wewe nijibu la kwangu. Mumeo yupo hapo. Mama mkwe yupo hapo. Wote wamezaliwa na mbao miguuni. Kwa nini swali hili limepanda ndege likaja kwangu?

Bibi yako,
Mwanatumu


Tirol, Austria
15 Desemba 2013

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ugomvi umefika, nimeupokea kwa mikono miwili. Nimecheka, halafu nikakukumbuka sana.

Sisi hatujambo. Florian anakusalimu. Jina la Yahya ulilompa siku alipoposa bado analitumia akizungumza na wewe tu, anasema jina hilo ni la Al Baraha. Nikipika pilau anakula sahani mbili kisha anasema ya Bibi ndiyo pilau. Mama mkwe, Hedwig, hajambo. Ni mtu wa maneno machache.

Theluji imeanguka wiki nzima. Kila Jumamosi nyumba nzima inapanda mlimani kuteleza, nami nakaa mkahawani huku chini. Naagiza chai. Wakipita kwa mbali napunga mkono, sijui hata kama ni wao, maana wote wamevaa miwani. Jumamosi iliyopita mtoto mmoja aliniuliza kama kazi yangu ni kulinda mabegi.

Umeuliza kwa nini nimekuuliza wewe. Kwa sababu nikiwauliza wa hapa wanajibu wote kwa pamoja. Mimi mwenyewe naelekea kukodi. Kununua ni kama kusema nitakuwepo na majira yajayo ya baridi, na... haya tuyaache. Kuna viatu vya zamani vya kutelezea hapa nyumbani, lakini hivyo havihusu.

Goti ulikande kwa mafuta ya moto. Nisalimie Kulusumu.

Mjukuu wako,
Rukiya


Al Baraha, Dubai
11 Januari 2014

Rukiya,

Asalaam alaykum. Sisi wazima. Mvua imenyesha siku moja, barabara zote zimekuwa bahari, na Msellem ameokoa vitambaa kabla ya barua yako. Imenifikia imelowa pembe.

Nimekwenda kwenye theluji. Usicheke. Peninah alikuwa na siku yake ya mapumziko, tukapanda treni, tukafika. Ukutani kuna kioo kikubwa, watu wanakunywa kahawa upande huu na upande wa pili kuna mlima mweupe, watoto wanaviringika. Nikasema, Mola wangu, nje watu wanatafuta kivuli, humu wanalipia baridi.

Kwenye vifaa kuna kijana wa Uganda, Yekoniya, ana sauti ya upole kama ya padri. Akaniita bibi kwa lugha ya kwao, "Jjajja, ni wewe unateleza?"

Nikamwambia, "Kwani unaniona nimekuja kununua samaki?"

Akanipa koti, nikalivaa juu ya buibui, nikawa kama gunia. Akanipima mguu, akaleta viatu. Rukiya, viatu vile ni kutia mguu ndani ya chungu, halafu mtu akakifunga kwa komeo. Kifundo hakigeuki. Nikasimama, nikaenda hatua mbili kama bata, nikasema khalas, nitoe. Peninah alicheka mpaka akakaa chini, na yeye ndiye mlinzi.

Sasa maneno ya Yekoniya, nayaleta kama alivyoyasema. Anayeanza akodi. Kwanza hupewa mbao fupi, akijua kusimama hupewa ndefu kidogo, kwa hiyo akinunua mapema atakuwa amenunua kitu cha kumfaa mwezi mmoja. Kuna arbab mmoja, tajiri wa hapa, alinunua seti nzima kabla hajajua kujizuia, sasa ameilaza juu ya kabati. Mtu akishanogewa, akitaka kununua, aanze na viatu. Mbao ni mbao, lakini kiatu ni habari ya mguu wake mwenyewe. Na akasema hivi: kiatu alichokivaa mwingine miaka mingi usikichukue, ndani kimeshajifunza mguu wa mwenyewe, kitakuumiza.

Basi jibu unalo. Limekwisha.

Sasa la kwangu. Umeandika kuna viatu vya zamani "havihusu". Kisichohusu hakiandikwi. Vya nani? Na hayo ya kuyaacha ni yapi? Nimekulea tangu unatambaa. Ukificha kitu hata mgongo wako hubadilika. Sasa mgongo siuoni, lakini Peninah anasema pale kwenye "tuyaache" kalamu imekandamiza karatasi karibu itoboke.

Nasubiri.

Bibi yako,
Mwanatumu

Rukiya, hapa naandika mimi Peninah, Bibi ameenda jikoni. Nilipomsomea ile maneno yako ya majira yajayo aliniambia nifunge barua. Kesho yake akaniita nimsaidie kutoa mapazia ya room yako. Tumeyafua, tumeyarudisha. Godoro ameianika kwa dirisha. Nimeona tu ujue.


Tirol, Austria
3 Februari 2014

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mvua imekauka na goti limetulia. Mwambie Peninah namsalimu sana, na kwamba nimesoma yote.

Haya. Florian alikuwa na dada, Marlene. Wifi yangu, ingawa sikumjua. Alifariki kwa maradhi mwaka mmoja kabla sijafika hapa. Chumba chake kiko juu, mlango umefungwa, na mama mkwe ndiye mwenye ufunguo.

Mwezi wa kumi mama mkwe alishuka amebeba sanduku. Akaliweka juu ya meza ya jikoni. Ndani mna viatu vya Marlene vya kutelezea, glavu, koti, na mbao zenyewe akaziegemeza ukutani. Zote safi, mbao zimepakwa nta mpya zinang'aa. Akasema, "Ni vyako."

Nikamwambia, ahsante, sihitaji, nitakodi.

Bibi, nilidhani ananipa makombo. Tangu nifike hapa kila mtu ananipa koti alilolichoka, sweta lililombana, kana kwamba nimekuja uchi. Na wewe ulinifundisha nisivae vya kuokota. Nikasema kwa adabu, nikatabasamu. Akafunga sanduku, akapanda nalo. Tangu siku hiyo anazungumza nami kama anavyozungumza na mleta barua. Habari za asubuhi. Ahsante. Karibu. Florian anasema nimwache, atapoa. Hajapoa.

Nimechoka kuwa mpangaji ndani ya nyumba ya mume wangu. Nimemwambia Florian kwamba mwezi wa tano huenda nikaja Dubai nikakaa. Hoteli yangu ya zamani wamesema wananitaka. Florian alitoka kwenda kupasua kuni, na kuni zilikuwepo tele.

Basi ndiyo maana nilikuuliza. Kama nakuja, ninunue cha nini?

Mjukuu wako,
Rukiya


Al Baraha, Dubai
19 Februari 2014

Rukiya,

Asalaam alaykum. Wazima wote. Leo sina habari za jirani.

Wewe ni mjinga. Peninah anataka kuandika "umekosea". Nimemkatalia. Andika mjinga.

Kitanda chako kipo. Hoteli ipo. Ukija mwezi wa tano nitakufungulia mlango, nitakupikia, na nitalala usingizi ambao sijaulala tangu uondoke. Hayo unayajua, siyarudii. Sasa sikiliza.

Mama yako alipofariki nilitoa vitu vyake. Nguo nyingi nilizifunga bunda nikawapelekea wenye shida, sikuchagua, sikutazama nyuma. Mtu wa mbali hupewa cha kwenye bunda. Lakini alikuwa na viatu vya ngozi, vya kahawia, alivyovinunua soko la Naif kwa mshahara wake wa kwanza. Hivyo sikuvitia kwenye bunda. Nilikaa navyo muda mrefu. Halafu siku moja nikavifuta, nikavipaka rangi, nikampelekea Kulusumu.

Wakati huo Kulusumu ni bibi harusi wa juzi, ametoka Pemba, haongei. Simpendi, simchukii. Nikamwambia, "Hivi vya wifi yako." Akavitazama. Vilikuwa vikubwa, mtu yeyote angeona. Akavivaa pale pale mbele yangu, akatoka navyo kwenda kununua mkate, kwap, kwap, kwap, mtaa mzima unamsikia. Aliporudi akasema, "Mama, vinanipwaya, nitavitia pamba." Mama! Alikuwa hajaniita hivyo hata siku moja.

Unadhani Kulusumu anatoka Mirdif kila Ijumaa kwa ajili ya goti? Angesema siku ile "ahsante, sihitaji", nisingemsamehe, na wala nisingemwambia kwa nini. Ningekuwa namwambia habari za asubuhi.

Mkweo amezipaka nta zile mbao. Nani anapaka nta makombo? Amefungua chumba alichokifunga, amekaa humo peke yake akisugua, kisha akashuka na vitu vya mwanawe kukuletea wewe, mtu asiyemjua vizuri, mwenye lugha nyingine na dini nyingine. Hakukupa viatu. Alikwambia ingia. Nawe ukatabasamu ukamwambia utakodi.

Usiniambie ulikuwa hujui. Ndiyo, ulikuwa hujui. Sasa unajua.

Yekoniya alisema kiatu kilichovaliwa kimejifunza mguu wa mwenyewe. Sawa, simbishii. Huvivai ili uteleze. Unavivaa ili akuone. Usimpelekee maneno mengi, lugha yao bado inakutoka kwa vipande na utaharibu. Mkute jikoni. Kaa kwenye kiti, mwambie, "Nisaidie kuvaa viatu vya wifi yangu." Useme wifi yangu. Kisha toa mguu. Vikikubana usilie wewe, mwache aone mwenyewe. Baada ya hapo kodini, nunueni, shauri yenu.

Ukishafanya hivyo na bado ukataka kuja, njoo, sitakuuliza neno. Lakini usije kabla hujafanya.

Doa la hapo juu ni la Peninah, si langu.

Bibi yako,
Mwanatumu


Al Baraha, Dubai
25 Machi 2014

Rukiya,

Asalaam alaykum. Msellem nimemfanya apekue vitambaa vyote mpaka vya mteja aliyekufa. Hakuna barua yako.

Sikuulizi. Nasema tu kwamba hakuna.

Mwanatumu

Bibi anashuka kwa Msellem asubuhi na jioni, na ngazi na ile goti yake. Andika hata kama ni mbaya. Peninah.


Tirol, Austria
6 Aprili 2014

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe. Barua yako ilikaa chini ya mto wangu. Kila asubuhi nilishuka jikoni na sentensi moja mdomoni, nikamkuta mama mkwe, nikaomba sukari. Tulikuwa na sukari ya mwaka mzima.

Siku moja Florian alikuwa kazini, mama mkwe anamenya viazi. Nikakaa kwenye kiti. Nikasema kama ulivyosema, neno kwa neno. Akaacha kisu. Akafuta mikono kwa aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. Akatoka, nikamsikia anapanda ngazi. Nikakaa pale na viazi. Muda ulipita mrefu mpaka nikadhani amekwenda kulala.

Akarudi na sanduku.

Akapiga magoti sakafuni, Bibi, mwanamke wa umri wake, akanivua ndala, akaanza kunivisha. Mguu haukuingia. Kisigino kilikwama nusu. Marlene alikuwa na mguu mdogo kama wa mtoto. Mama mkwe akasukuma, akavuta ulimi wa kiatu, akasukuma tena, uso umemwiva. Sikulia, kama ulivyoniambia. Kisha akaniangalia, akatazama mguu wangu, akaanza kucheka. Sikujua kwamba mama mkwe ana meno ya dhahabu. Tukacheka wote. Halafu kicheko chake kikageuka, akalaza kichwa chake juu ya goti langu akalia. Maneno yote ya lugha yao yalinitoka. Nikamshika kichwa nikasema pole, pole, kwa Kiswahili, na nadhani alielewa.

Mchana huo huo alinipeleka kwenye duka wanakokodisha. Akamwambia mwenye duka, "Huyu ni wa nyumbani kwangu, anaanza. Akodi mpaka theluji iishe. Viatu tutamnunulia majira yajayo, mguu wake ukishajua unataka nini." Karibu sawa na maneno ya Yekoniya! Glavu za Marlene zimenienea, ndizo ninazovaa. Viatu vyenyewe mama mkwe ameviweka kwenye rafu ya mlangoni, pamoja na vyetu.

Jumamosi nimeteleza kimlima cha watoto. Nilianguka mara nyingi, mara moja nilimwangukia mwalimu. Kila nikisimama nikitazama chini mama mkwe yupo, hakupanda juu na wenzake. Anapunga mkono. Mabegi yote kayashika yeye.

Hoteli nimewaandikia kwamba siji. Florian aliposikia alitoka tena kupasua kuni, lakini safari hii alikuwa anaimba.

Najua chumba changu kipo, Bibi. Nakijua kuliko unavyodhani. Nisamehe na hilo pia.

Mjukuu wako,
Rukiya


Al Baraha, Dubai
24 Aprili 2014

Rukiya, mke mwenzangu,

Asalaam alaykum. Joto limeanza, kiyoyozi kinakohoa kama mzee wa kahawa. Goti limepoa kidogo kwa sababu nimeacha kupanda na kushuka. Peninah amepandishwa cheo, sasa ana redio ya mkononi na anasimamia wenzake, na ananiandikia barua kwa sauti ya amri.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara ya tatu Kulusumu alikuwepo. Nilimwambia Peninah aruke pale penye habari za viatu vya kahawia, nikakumbuka hapo hapamo kwenye barua yako, pamo kwenye yangu. Kulusumu akauliza, "Viatu gani?" Nikamwambia akande goti. Akakanda. Baadaye, ananivisha soksi, akasema kwa sauti ndogo, "Vilikuwa vinanitia malengelenge, Mama." Miaka yote hii hajanieleza. Nikamwambia, "Najua."

Na wewe na huyu Peninah wako mnadhani mimi ni kiziwi kabisa. Simu ndiyo siisikii. Kalamu naisikia. Nikishanyamaza, nikashika njia ya jikoni, kalamu inaendelea kukwaruza. Sikuuliza kaandika nini. Najua kaandika nini. Mapazia yalikuwa machafu, yalihitaji kufuliwa, basi.

Godoro nimelirudisha kitandani. Siku ya kwanza nilikaa juu yake kidogo, nikainuka. Chumba kitakaa kama kilivyo. Usinionee huruma, nitakukasirikia. Ungerudi mwezi wa tano ungerudi na hasira, ungekaa hapa unakunja uso, nami ningefurahi kama mwizi. Afadhali hivi.

Endelea kukodi. Usinunue viatu mpaka umeweza kushuka bila kumwangukia mwalimu wa watu. Ukinunua, nenda naye dukani, yeye achague, wewe ulalamike kidogo ili ajue unamsikiliza. Yahya mpe salamu zangu, mwambie kuni zinatosha.

Sasa nisikilize, hili ndilo ninalolitaka. Utakuja mwezi wa kumi na moja, joto likipungua. Safari hii nimetaja mwezi, usinipe wa kwako. Usije peke yako. Mlete mkweo. Chumba chako ni chake, wewe utalala sakafuni kwangu, mgongo wako bado mchanga. Siku ya kwanza msimpeleke kwenye majengo marefu wala kwenye dhahabu. Mlete moja kwa moja hapa, umkalishe kwenye kiti changu, unionyeshe ni huyu. Usikae katikati yetu kututafsiria. Yeye amezika binti na mimi nimezika binti, tutajua la kusema. Wewe tutilie chai, utoke, ufunge mlango.

Bibi yako,
Mwanatumu